Padre Brown na Kitabu Chake cha Pili

Wako miongoni mwa wasomaji wetu, walimu kwa mapadre, walio na vitabu vya G. K. Chesterton katika makabati yao, na twadhani wengi walivipata kama tulivyovipata sisi, yaani kwa mkono wa mtu aliyekuwa akirudi kwao Ulaya na kugawa vitu vyake. Hadithi za Padre Brown, padre mfupi mwenye uso wa mviringo na mwavuli usiokaa mkononi, ni vitabu vitano. Cha kwanza kilitolewa mwaka 1911 na cha mwisho mwaka 1935, na mwandishi alifariki mwaka uliofuata. Hatutaki kuvipima vyote hapa. Twataka kunena juu ya viwili vya kwanza, na hasa cha pili, kilichotoka mwaka 1914, kwa sababu tumeulizwa na walimu wawili kama chafaa kutiwa katika kabati la vitabu vya wanafunzi, na kama yafaa kukigeuza kwa Kiswahili. Jibu letu la kwanza lilikuwa ndiyo, maana tulikuwa hatujakisoma bado, tukakidhamini kwa ajili ya kile cha kwanza. Hilo lilikuwa kosa letu, na maneno haya ni njia ya kulitengeneza.

Hatuna budi kufichua siri za hadithi kadha wa kadha, kwa kuwa haiwezekani kunena habari ya fumbo pasipo kulifumbua. Asiyependa, na aziweke kando kurasa hizi mpaka atakapokwisha kuzisoma hadithi zenyewe.

Chesterton mwenyewe alisimulia katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1936, jinsi alivyompata padre huyu. Alikuwa na rafiki, Padre John O'Connor, mtu wa asili ya Ireland aliyetumikia katika nchi ya Yorkshire. Siku moja walipokuwa wakitembea pamoja, Chesterton alimweleza jambo alilokusudia kuliandika juu ya maovu fulani, na padre akamwonyesha ya kuwa amekosea, akamfunulia mambo ambayo yeye, mtu wa magazeti na wa mji mkubwa, hakuyadhani kamwe. Baadaye, katika nyumba waliyofikia, vijana wawili wa Chuo cha Cambridge walizungumza na padre yule wakamstaajabia kwa elimu yake. Lakini alipotoka, walisema ya kwamba mtu aliyefungiwa namna ile hawezi kuujua ubaya wa dunia. Chesterton nusura acheke mbele yao, kwa kuwa alijua ya kwamba wakilinganishwa na padre huyo, vijana wale walikuwa kama watoto wachanga.

Katika habari hii ndimo ulimo msingi wa kitabu cha kwanza, The Innocence of Father Brown. Jina lake ni gumu kuligeuza. Tukisema "Kutokuwa na Hatia kwa Padre Brown" twakosa. Tukisema "Unyofu" twakaribia. Maana yake ni ya mzaha: watu wamdhani padre hajui kitu, kumbe aketiye miaka mingi akisikiliza maungamo ya watu ayajua mambo ambayo askari kanzu wote wa London hawayajui. Hakamati wezi kwa kupima majivu ya sigara, bali kwa kuwa ameijua dhambi kwa ndani, naye ajua ya kuwa yeye pia angeweza kuitenda. Kwa hiyo kila afumbuapo jambo, kuna mtu mbele yake ambaye roho yake i hatarini, na padre amhangaikia huyo zaidi ya mali iliyopotea.

Mwizi mkuu Flambeau ni mfano wake. Katika hadithi ya kwanza ajivika mavazi ya padre ili aibe msalaba wa thamani, naye akamatwa. Baadaye aiba vyombo vya fedha vya matajiri katika hoteli, na padre avirudisha baada ya kusemezana naye kidogo mlangoni pa chumba cha makoti. Baadaye tena aiba almasi siku ya pili ya Krismasi, apanda juu ya mti bustanini, na padre asimama chini akimwambia jinsi njia ya wizi ishukavyo daima. Almasi zaanguka chini majanini, na Flambeau haibi tena. Hapana bunduki wala pingu. Msomaji aonaye jambo hili kuwa dogo na ajaribu yeye mwenyewe kumrudisha mwizi mmoja.

Na wako wasomaji wetu makasisi. Hao na wasome hadithi ya nyundo. Kanali mmoja, mlevi na mzinzi, apatikana amekufa karibu na kanisa, kichwa kimevunjwa na nyundo ndogo. Nguvu iliyompiga ni ya jitu, na nyundo ni ya kuchukuliwa na mtoto. Aliyemwua ni ndugu yake mwenyewe, kasisi wa mahali hapo, mtu wa sala nyingi. Alizoea kwenda kusali juu mnarani, na kutoka huko watu wa chini walionekana kama wadudu. Hata siku moja akajidhani amepewa kazi ya Mungu ya kuhukumu, akaiachilia nyundo. Tumesikia mafundisho mengi juu ya kiburi cha watu wa dini, wala hatukumbuki hata moja lililotuingia kama kurasa hizi. Padre Brown amweleza yote wakiwa wawili tu, kisha amwambia ya kuwa hatamshitaki. Shauri ni lake. Kasisi yule ashuka ngazi, aenda kwa askari, ajitoa mwenyewe.

Lakini hadithi tuipendayo kuliko zote ni ile ya mtu asiyeonekana. Bwana mmoja mfupi sana, akaaye katika nyumba ya ghorofa huko London, atishwa kwa barua za adui. Watu wanne waambiwa waangalie mlango, mmoja wao akiwa askari na mwingine bawabu. Baadaye wote wanne waapa ya kuwa hapana mtu aliyeingia. Walakini katika theluji nyayo zipo, na bwana yule hayumo tena chumbani mwake. Aliyeingia ni mleta barua wa posta, naye alitoka na maiti katika mfuko wake mbele ya macho yao. Walinzi hawakusema uwongo. Padre aeleza ya kuwa watu hawajibu neno uliloulizwa bali lile wadhanilo umelikusudia: bibi mkubwa akiulizwa kama yuko mtu akaaye naye, atasema hapana, ingawa nyumba imejaa watumishi.

Kwetu jambo hili halihitaji theluji. Mgeni afika katika nyumba ya misheni, apiga hodi, mpishi atoka jikoni akifuta mikono, na mgeni amwuliza, "Yupo mtu?" Naye ajibu, "Hapana mtu, bwana." Tumeyasikia maneno haya mara nyingi hata hatuyasikii tena. Tena yatupasa kutambua ya kuwa kwetu yamekwenda mbali kuliko kwa Chesterton: katika hadithi yake ni walinzi wasemao hapana mtu, bali kwetu asiyeonekana ajinenea mwenyewe. Tulipoisoma hadithi hii jioni moja kwa wanafunzi wakubwa, tukiigeuza kwa Kiswahili papo hapo, walicheka sana walipofika kwa mleta barua, kisha wakanyamaza. Mwishoni padre atembea na mwuaji yule saa nyingi juu ya vilima vyenye theluji, chini ya nyota, na mwandishi asema ya kuwa waliyosemezana hayatajulikana kamwe. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Alimwambia nini?" Tukasema hatujui. Akasema, "Mwalimu, wewe wadhani alimwambia nini?" Tukakaa mpaka taa ikaisha mafuta.

Basi tukakifungua kitabu cha pili.

Jina lake ni The Wisdom of Father Brown, yaani "Hekima ya Padre Brown", na hapo Kiswahili chatusaidia kuliko Kiingereza, maana sisi twatenga hekima, busara, akili na werevu, wala hatuyachanganyi. Kilichomo katika kitabu hiki ni werevu. Tazama hadithi ya kwanza. Mtaalamu wa mambo ya jinai, Dr Hood, aitwa katika nyumba ambamo kijana amekutwa amefungwa kamba, bilauri zimevunjika, upanga una damu, na kofia iliyopo si ya kichwa chake. Watu wa nyumba wamemsikia nyuma ya mlango akisema na mtu aitwaye Bwana Glass. Mtaalamu aeleza maelezo marefu juu ya adui huyu. Kumbe kijana ajifunza mazingaombwe: kamba amejifunga mwenyewe, kofia ni ya kutolea vitu, upanga ni wa kumeza, na bilauri alikuwa akizirusha na kuzidaka. Kila alipokosa moja alisema kwamba ameikosa, na kwa Kiingereza maneno hayo yakisikika nyuma ya mlango hutoka sauti moja na "Bwana Glass". Ndiyo hadithi yote. Tulijaribu kuigeuza, tukatafuta neno la Kiswahili lililo jina la mtu na jina la chombo pia, tukaliacha. Si kwa kuwa lugha yetu ni maskini, bali kwa kuwa chini ya mchezo wa sauti hapakuwa na kitu cha kugeuza. Hadithi ya mleta barua yaweza kugeuzwa katika lugha yo yote yenye bwana na mtumishi ndani yake.

Hata katika desturi zetu tofauti hii yajulikana. Kitendawili hutegwa, watu hujaribu, wakishindwa hutoa mji, nao huambiwa jibu. Basi, kimekwisha, na hapana atakayekitaka tena usiku ule ule. Fumbo silo hivyo. Fumbo ukilifumbua, ndipo laanza kukusumbua. Kitabu cha kwanza ni cha mafumbo, cha pili kwa sehemu kubwa ni cha vitendawili, na msomaji hutoa mji baada ya mji. Hivyo mtaalamu wa Ufaransa na adui yake waliotaka kupigana wawa mtu mmoja. Haya, tumesikia. Hivyo tena hadithi ya mwisho ya kitabu ni Padre na Flambeau waketi wakizungumza juu ya mkuu wa nchi ya Kijerumani aliyekufa zamani. Padre aeleza namna alivyokufa, wala hapana mtu hai mbele yake wa kuokolewa. Mara nyingi ni hivi. Padre afika, aeleza, aondoka. Lau angalikuwa daktari wa meno, hadithi zisingalibadilika. Na Flambeau, ambaye toba yake ilikuwa taa ya kitabu cha kwanza, amekuwa mtu wa kumbebea padre maswali.

Haki yatulazimu kusema ya kuwa si zote. Ile ya mtu katika ujia wa nyumba ya michezo ni nzuri mno. Bibi mchezaji auawa, na mashahidi watatu waapa mbele ya hakimu ya kuwa waliona umbo katika ujia. Mmoja aliona umbo kama la mwanamke, wa pili kama la mnyama, na Padre Brown asema aliona kama la Shetani mwenye pembe. Lakini ni yeye peke yake aliyetambua ya kuwa mle mlikuwa na kioo, na kila mtu alijiona mwenyewe. Pembe zilikuwa kofia yake. Kasisi asomaye hapo pasipo kutabasamu, na kisha kujitazama, twamhurumia. Nzuri pia ni ile ya Boulnois, mtu aliyekaa nyumbani akisoma kitabu huku tajiri mwenye wivu akijiua ili yeye asingiziwe. Maana tajiri yule hakuweza kuvumilia kutoonewa wivu. Na ile ya mashine ya kupimia uwongo, iliyowekwa katika gereza la Chicago, yafaa kwa walimu wapendao sana mitihani: mashine haikukosea, aliyekosea ni mtu aliyeisoma.

Sasa twafika kwenye hadithi iliyotufanya tuyaandike haya. Yaitwa The God of the Gongs. Tulipokuwa tukiwasomea wanafunzi tuliiruka, tukidhani tumefanya busara. Lakini kitabu kilikuwa mezani, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ajuaye Kiingereza vema, alikichukua akakisoma mwenyewe. Alikirudisha kidole chake kikiwa ndani ya ukurasa.

Habari yenyewe ni hii. Padre na Flambeau wafika katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza wakati wa baridi, na padre aona maiti chini ya sakafu ya jukwaa la wapiga muziki. Mwuaji ni mtu mweusi, mpiganaji wa ngumi, ambaye jina aitwalo ni tusi. Mwandishi amchora akienda kwa mavazi ya fahari na meno yang'aayo, kana kwamba kule kuvaa vizuri kwenyewe ni dalili ya uovu. Kisha yaelezwa ya kuwa kuna dini ya voodoo iliyoenea kwa siri, yenye kutaka damu ya mtu katikati ya makutano. Mwishoni mtu yule atafutwa, na watu weusi wote wa Uingereza wawekewa amri ya kwenda kujionyesha, na meli zitokazo zawakataa. Nayo yasimuliwa pasipo neno moja la kulaumu.

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kuandika juu ya desturi, nao wajua sharti la kwanza: usiandike desturi ya watu pasipo kuwauliza wenyewe. Voodoo ni dini ya watu wa Haiti, yenye mizizi katika nchi iliyoitwa Dahomey na jirani zake, na wataalamu wengi wameieleza. Katika hadithi hii hapana aliyeulizwa. Na huku ni kuacha mwendo wake mwenyewe, maana katika kitabu cha kwanza kila penye kutajwa mizimu na laana, padre ndiye aondoaye hofu na kuonyesha mkono wa mtu. Hata Muhammad Said Abdulla wa Unguja, katika Mzimu wa Watu wa Kale kilichotolewa mwaka 1960, alimpa Bwana Msa kazi hiyo hiyo, kwamba penye mzimu atafutwe mwanadamu. Hapa Chesterton ameacha mzimu usimame, kwa sababu ni mzimu wa watu weusi.

Mwanafunzi yule hakutuuliza juu ya voodoo. Aliuliza, "Mwalimu, padre huyu angeniona mimi, angeona nini?"

Tulimwonyesha mahali pamoja katika hadithi ile ile. Flambeau, amwonapo yule mtu mweusi akipita, asema ya kuwa pengine hastaajabu watu hao wakiuawa na makundi kule Marekani. Na Padre Brown amjibu ya kuwa yeye hastaajabu kamwe kwa kazi yo yote ya jehanum. Ni neno zito, na ni la padre yule wa kwanza tuliyempenda. Kwa neno moja ameiweka kazi ya wauaji wale mahali pake. Kijana alilisoma mara mbili. Akasema, "Basi kwa nini hakwenda kuzungumza naye?"

Hatukuwa na jibu, wala hatunalo hata leo. Kwa mwizi Mfaransa padre alisimama chini ya mti usiku katika baridi. Kwa kasisi aliyemwua nduguye alipanda mnarani. Kwa mleta barua alitembea saa nyingi katika theluji. Kwa mtu huyu hakutembea hata hatua moja. Aliyetufundisha ya kuwa mleta barua ni mtu, ingawa walinzi wanne hawakumwona, amekutana na mtu aonekanaye na wote, tena kupita kiasi, naye hakumwona.

Watu watasema ya kuwa mwaka 1914 waandishi wengi wa Ulaya waliandika hivyo. Ni kweli, nasi tumevisoma vingi vya namna hiyo bila kupoteza usingizi. Lakini wengi hao hawakuwa wametuahidi kitu. Wala haifai kusingizia ya kuwa Chesterton alikuwa hajaingia katika Kanisa Katoliki, jambo alilolifanya mwaka 1922. Maana hadithi ya nyundo na ya mleta barua aliziandika hajaingia vilevile. Sisi twadhani alichoka. Kitabu cha kwanza kilipendwa, watu wakataka kingine, na mtu anayetakiwa kutoa hadithi kumi na mbili nyingine hushika kilicho karibu: kofia, kioo, kamba, mtu mweusi. Alingoja mpaka mwaka 1926 ndipo alipotoa cha tatu, na pumziko hilo lilimfaa.

Kwa walimu wawili waliotuuliza, basi, twajibu hivi. Kitabu cha kwanza na kitiwe kabatini chote. Cha pili na kikae kwa mwalimu, asome pamoja na wanafunzi hadithi ya ujia, ya Boulnois na ya mashine. Ile ya mtu mweusi hatushauri iruke tena, kama tulivyoiruka sisi; yeye atakayeikuta peke yake ataisoma peke yake. Na asomewe na mwalimu, baada ya ile ya mleta barua, siku ile ile.

Katika kugeuza tumekwisha kumaliza hadithi tatu za kitabu cha kwanza, na ya nyundo tumefika nusu. Tumekwama katika jina la ile ya mleta barua. "Mtu Asiyeonekana" ni sawa na Kiingereza, lakini lasikika kama hadithi ya jini. Mwenzetu mmoja ataka "Tarishi", ambalo latoa siri mlangoni. Sisi twapendelea "Hapana Mtu". Mwenye neno bora na atuandikie kabla ya mwisho wa muhula.